Patani ya Kwilti Inayoaminika Mezani: Mwongozo Kamili kwa Anayeiandaa

Mshonaji wa kwilti, yaani blanketi la tabaka linaloshonwa kwa vipande vya kitambaa, huvutiwa na picha, lakini hukumu yake huitoa mezani, kisu kinapopita kwenye kitambaa. Kitambaa kikishakatwa hakirudi. Ndiyo maana patani nzuri, yaani maelekezo ya kukata na kushona, si ile yenye picha ya kupendeza kuliko zote. Ni ile ambayo kitambaa kilichotajwa kinatosha, namba zake zinakubaliana, na vipande vinakutana pale vinapotakiwa kukutana. Mwongozo huu ni wa anayeandika patani kwa ajili ya wengine, ingawa anayezinunua pia ataona hapa mambo ya kukagua kabla hajatoa pesa.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: kwilti ya bloki 20 (miraba ya vipande vilivyoshonwa pamoja), nne kwa upana na tano kwa urefu, kila bloki ikiwa nyota ya ncha nane ya inchi 12 baada ya kushonwa. Kwilti nzima ni inchi 48 kwa 60, haina pambizo. Vipimo ni vya inchi kwa sababu patani nyingi na rula nyingi za kazi hii ni za inchi. Suala la sentimita lina sehemu yake mbele.

Hatua ya 1: Ukurasa wa kwanza umsaidie mtu kuamua

Kabla ya kununua, mshonaji anataka kujua mambo machache: ukubwa kamili, idadi ya bloki, kiasi cha kitambaa, vifaa, na kama ana ujuzi wa kutosha. Yote hayo yakae ukurasa mmoja.

Ukubwa uandike kwa namba. Majina ya vitanda hayana maana moja kila mahali. Godoro linaloitwa kubwa nchi moja ni la wastani nchi nyingine. Andika "inchi 48 kwa 60, sawa na sentimita 122 kwa 152", basi. Kama patani ina ukubwa wa aina tatu, weka jedwali moja lenye safu tatu, na mpangilio huohuo ufuatwe katika kila jedwali linalofuata. Mtu anayeshona ukubwa wa kati asilazimike kutafuta safu yake upya kila ukurasa.

Kuhusu ugumu, neno "rahisi" halisemi kitu. Mtu aliyeshona miraba mitupu kwa miaka mingi huenda hajawahi kugusa mshono wa mviringo. Taja ujuzi wenyewe: mshono wa robo inchi, kukata kwa kisu cha gurudumu, kushona juu ya mstari wa mshazari, kuunganisha ncha. Hapo kila mtu atajipima mwenyewe.

Rula maalumu ikihitajika, isemwe hapahapa. Hakuna kinachoudhi kama kufika ukurasa wa sita na kukuta rula ambayo haikutajwa. Na kama kazi yake inaweza kufanywa kwa rula ya kawaida, eleza njia zote mbili.

Hatua ya 2: Weka msingi wa mshono

Ziada ya mshono ya kwilti ni robo inchi kila upande. Kwa hiyo mraba au mstatili wowote hukatwa ukiwa na nusu inchi zaidi ya ukubwa wake wa mwisho: mraba wa inchi 3 hukatwa 3½, na bloki ya inchi 12 kabla ya kuunganishwa na nyingine hupima 12½. Patani itofautishe ukubwa wa mwisho na ukubwa wa kukatwa kila inapotaja namba. Kuchanganya viwili hivyo ndiko kunakoleta barua nyingi za malalamiko kwa mwandishi.

Kisha mpe mshonaji jaribio la mshono kabla hajagusa kitambaa chake kizuri. Akate kanda tatu za upana wa inchi 1½, azishone kwa kuzipanga ubavu kwa ubavu, apige pasi, apime. Upana wote uwe inchi 3½ na ukanda wa katikati uwe inchi 1 kamili. Ukiwa mwembamba kuliko hapo, mshono wake ni mpana mno na asogeze sindano au alama ya kuongozea. Mara nyingi mshono unaofaulu ni mwembamba kidogo kuliko robo kamili, kama upana wa uzi mmoja, kwa sababu mkunjo wa kitambaa baada ya pasi nao hula nafasi.

Kwa nini kung'ang'ania kiasi kidogo hivyo? Mshono ukizidi kwa 1/16 ya inchi, hula 1/16 kila upande, yaani ⅛ kwa mshono mmoja. Safu ya juu ya nyota yetu ina mishono miwili ya wima. Bloki iliyotakiwa kuwa 12½ inakuwa 12¼, na bloki nne zikipangwa, inchi nzima imepotea. Ncha za nyota nazo zimemezwa.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya vipande

Nyota yetu ina mraba wa kati wa inchi 6, miraba minne ya inchi 3 kwenye pembe za bloki, na mistatili minne ya inchi 3 kwa 6. Kila mstatili una pembetatu kubwa ya kitambaa cha usuli, yaani kinachoizunguka nyota, katikati na pembetatu ndogo mbili za nyota ubavuni.

Mistatili hii hutengenezwa kwa njia mbili. Ya kwanza hutoa mmoja mmoja: mstatili wa usuli wa 3½ kwa 6½, miraba miwili ya nyota ya 3½, kushona juu ya mshazari na kukata pembe. Pembe hizo hutupwa. Ya pili hutoa minne kwa pamoja bila kutupa: mraba mmoja mkubwa wenye upana wa mwisho ukiongezwa 1¼, na miraba minne midogo yenye kimo cha mwisho kikiongezwa ⅞. Kwetu sisi ni 7¼ na 3⅞.

Kwa kwilti yenye mistatili 80, njia ya pili ndiyo ya kuweka mbele. Ila ina kasoro moja ambayo patani lazima iitaje: mraba mkubwa hutoa mistatili minne ambayo kila mmoja umelalia upande wake. Kitambaa chenye maua yanayoelekea juu tu, au mistari, kitatokea kimegeukageuka. Mwenye kitambaa cha aina hiyo apewe hesabu ya njia ya kwanza.

Kwa bloki moja basi: usuli ni mraba mmoja wa 7¼ na minne ya 3½, nyota ni mraba mmoja wa 6½ na minne ya 3⅞. Zidisha kwa 20: usuli ni miraba 20 na 80, nyota ni miraba 20 na 80.

Hatua ya 4: Kitambaa kitoshe

Hapa ndipo patani nyingi huanguka, nasi tutakaa kidogo.

Kitambaa cha kwilti huuzwa kikiwa na upana wa inchi 42 hadi 44. Ukitoa kingo mbili zilizofumwa kiwandani, na ukikumbuka kwamba anayefua kitambaa kabla ya kukata hupoteza kidogo, upana salama wa kupigia hesabu ni inchi 40. Wapo waandishi wanaotumia 42. Tazama kinachotokea kwa miraba 80 ya 3½.

Kwa inchi 42, ukanda mmoja, yaani kipande kinachokatwa upana mzima wa kitambaa, hutoa miraba 12 kamili, hakuna hata uzi unaobaki. Kanda 7 zinatoa 84, na patani inasema kanda 7. Sasa mshonaji ana kitambaa chenye inchi 41 zinazotumika. Kila ukanda unampa 11. Kanda 7 ni miraba 77, na anapungukiwa mitatu. Kosa si lake. Kwa inchi 40 hesabu ingesema 11 kwa ukanda, kanda 8, na asingepungukiwa chochote.

Hesabu nzima ya usuli inakwenda hivi:

- Miraba 20 ya 7¼: 5 kwa ukanda, kanda 4, inchi 29 za urefu.
- Miraba 80 ya 3½: 11 kwa ukanda, kanda 8, inchi 28.
- Jumla inchi 57. Ongeza asilimia 10 kwa ajili ya kunyoosha ukingo, kusinyaa na kosa moja la kukata: 62.7.
- Pandisha hadi kiasi kinachouzwa: inchi 63, yaani yadi 1¾, au mita 1.6.

Kitambaa cha nyota:

- Miraba 20 ya 6½: 6 kwa ukanda, kanda 4, inchi 26.
- Miraba 80 ya 3⅞: 10 kwa ukanda, kanda 8, inchi 31.
- Jumla inchi 57 tena, kwa hiyo nayo ni yadi 1¾.

Asilimia 10 hiyo isifichwe wala isizidishwe. Mwandishi anayeongeza nusu yadi kila kitambaa "kwa usalama" anamtoza mshonaji pesa kwa woga wake mwenyewe. Sema wazi: kiasi hiki kina nafasi ya ukanda mmoja wa ziada wa miraba midogo, basi. Kitambaa cha kuchagua picha fulani na kuiweka katikati ya mraba hakihesabiki kwa njia hii. Andika idadi ya picha zinazohitajika na ukubwa wa mraba, mtu akapime dukani.

Wengi hupenda kutumia robo za yadi zilizokatwa kwa mapana, inchi 18 kwa takriban 21 zinazotumika. Ukiandika patani kwa ajili yao, usigawanye eneo kwa eneo. Chora ukataji wenyewe. Kwa nyota zetu: ukanda wa 6½ unatoa miraba mitatu ya kati. Zinabaki inchi 11½ za kimo. Kanda mbili za 3⅞ zinaingia na kutoa miraba 10. Ukanda wa tatu ungehitaji inchi 11⅝, na hauingii kwa sababu ya ⅛ tu. Kwa hiyo robo moja inatoa nyota mbili wala si tatu, na kwilti inahitaji robo 10. Mwenye robo ya mita, sentimita 50 kwa 55, atapata tatu, na robo 7 zinamtosha. Eneo lingekudanganya, mchoro haudanganyi.

Hatua ya 5: Chati ya kukata

Anayekata amesimama, rula mkono mmoja, kisu mkono mwingine, na macho yanaruka kati ya karatasi na meza. Aya ndefu haimfai. Mpe jedwali: jina la kitambaa, kanda ngapi na za upana gani, kisha miraba mingapi kutoka kanda hizo, kisha herufi ya kipande. Mfano wa mstari mmoja:

"Usuli: kata kanda 8 za 3½ kwa upana wa kitambaa. Kutoka kanda hizo kata miraba 80 ya 3½. Herufi B."

Herufi moja iwakilishe kipande kimoja kuanzia chati hadi mchoro wa mwisho. Vipande vikubwa vikatwe kwanza. Mtu akianza na vidogo halafu akakosea, hana pa kuokoa. Akianza na vikubwa, mabaki yanazaa vidogo.

Kitambaa kinachotumika mahali zaidi ya pamoja, tuseme nyota na utepe wa ukingo, kiwe na orodha moja inayotaja yote. Mshonaji aliyemaliza bloki na kukuta ukurasa wa mwisho kwamba alipaswa kubakiza inchi 15 hatakusamehe.

Hatua ya 6: Hatua za kushona na kipimo cha kila kituo

Hatua moja, tendo moja, mchoro mmoja, kipimo kimoja. Mistatili minne ya nyota yetu iandikwe hivi:

1. Kwenye mgongo wa kila mraba mdogo wa 3⅞, chora mstari wa kalamu toka pembe hadi pembe.
2. Laza mraba wa 7¼ uso juu. Weka miraba miwili midogo kwenye pembe zinazokabiliana, nyuso zikiangaliana. Itapandana kidogo katikati na mistari yake itaungana. Ndivyo inavyotakiwa.
3. Shona robo inchi kila upande wa mstari. Kata juu ya mstari. Unapata vipande viwili.
4. Piga pasi kuelekea pembetatu ndogo. Kila kipande sasa kina masikio mawili juu, yaani pembetatu ndogo zilizofunguka, na pembe moja tupu ya kitambaa cha usuli.
5. Weka mraba mmoja mdogo kwenye pembe hiyo tupu, mstari ukipita katikati ya masikio. Shona robo inchi kila upande, kata, piga pasi.
6. Pima: kila mstatili uwe 3½ kwa 6½. Kati ya ncha ya pembetatu kubwa na ukingo wa juu kuwe na robo inchi.

Sentensi ya mwisho ya namba 6 ndiyo inayookoa kwilti. Asiyeambiwa hukata ukingo hadi kwenye ncha kwa kudhani ananyoosha, na nyota zote zitatoka butu. Vivyo hivyo na maneno "itapandana kidogo" katika namba 2: pale ambapo kitu sahihi kinaonekana kama kosa, sema mapema.

Wapo wasioamini mishono yao na wanapenda kukata vipande vikubwa kisha kupunguza. Wape namba zao pia: mraba mkubwa 7½ na midogo 4. Usuli utapanda hadi inchi 58 na nyota 58, na yadi 1¾ bado inatosha. Angalizo tu kwamba miraba 10 ya inchi 4 inamaliza inchi 40 zote, kwa hiyo asiye na upana huo kamili akate ukanda wa tisa.

Baada ya bloki ya kwanza weka kituo: "Shona bloki moja kamili, pima. Ikiwa si 12½, rudi kwenye jaribio la mshono kabla ya kukata zilizobaki." Patani zinazomwambia mtu akate vyote siku ya kwanza zinamnyima nafasi ya kurekebisha.

Hatua ya 7: Mishale ya pasi

Patani nyingi huishia kusema "piga pasi". Kuelekea wapi? Mishono miwili inayokutana hukaa vizuri ikiwa imelazwa pande tofauti: mmoja unajifunga dhidi ya mwenzake, unasikika kwa vidole, na kona inatoka safi. Ikilazwa upande mmoja, hujenga kinundu na kuteleza chini ya mguu wa cherehani.

Kwa nyota yetu mpango ni huu. Safu ya juu na ya chini, laza mishono kuelekea miraba ya pembeni. Safu ya kati, laza kuelekea mraba wa kati. Ukiunganisha safu, mishono inakabiliana. Kisha mishono miwili mirefu inayounganisha safu, ilaze kuelekea katikati. Hapo pia inakwepa unene wa ncha.

Sasa bloki kwa bloki. Ubavu wa kushoto na kulia, mishono imelala kuingia ndani. Juu na chini, imelala kutoka nje. Bloki mbili zikipangwa zilivyo, zinagongana kila mahali. Geuza kila bloki ya pili kwa robo mzunguko, kama mpangilio wa ubao wa drafti, na kila mshono wa kuingia unakutana na wa kutoka. Nyota haibadiliki sura kwa kugeuzwa, kwa hiyo hakuna anayepoteza chochote. Mstari huu mmoja kwenye patani humwokolea mshonaji kazi ya kulaza upya mishono ya bloki 20. Uchoreni kwa mishale kwenye kila mchoro, msiuache kwenye maneno peke yake.

Hatua ya 8: Michoro

Wengi huchapisha kwa wino mweusi. Mchoro unaotegemea tofauti ya kijani na buluu utatoka kijivu kwa kijivu. Tia herufi ndani ya kila kipande na utofautishe vitambaa kwa mistari au nukta. Onyesha mgongo wa kitambaa kwa rangi iliyofifia, na ueleze hivyo mara moja mwanzoni. Mistari ya kushonea iwe ya vistari vifupi vilivyoachana, ya kukata iwe mfululizo.

Weka ukurasa wenye kwilti nzima isiyopakwa rangi, mtu ajaribu rangi zake kwa penseli. Ni ukurasa mmoja tu, lakini wapo wanaonunua patani kwa ajili yake.

Violezo vinavyochapwa vinahitaji mraba wa kupimia wa inchi 1 kwenye kila karatasi, na maelekezo ya kuchapisha kwa asilimia 100. Programu nyingi hupunguza ukurasa zenyewe ili uingie kwenye karatasi, na asilimia tatu hazionekani kwa macho hadi vipande vikatae kukutana. Karatasi ya A4 ni milimita 210 kwa 297. Ile inayotumika Marekani ni takriban 216 kwa 279. Kiolezo kikiingia ndani ya 190 kwa 260, wote wawili watakichapa salama. Kwenye kiolezo chenyewe andika herufi, idadi ya kukata, mstari wa mshono, mstari wa kukata, na mshale wa uelekeo wa uzi wa kitambaa.

Hatua ya 9: Bloki zilizosimama kwa pembe

Mfano wetu hauna mpangilio huu, lakini patani nyingi zinao. Bloki zikipangwa zikiwa zimesimama kwa pembe, kingo huacha mapengo ya pembetatu. Mshonaji asiyeelekezwa atakata pembetatu kwa namna yoyote, na ukingo wa kwilti utakuwa wa mshazari, unaovutika na kufanya mawimbi.

Pembetatu za ubavuni hupatikana kwa kukata mraba mara mbili kwa mshazari, ili upande mrefu ufuate uzi wa kitambaa. Kanuni: ukubwa wa mwisho wa bloki mara 1.414, ongeza 1¼. Kwa bloki ya 12 ni 18.22, pandisha hadi 18¼. Za pembe nne za kwilti hupatikana kwa kukata mraba mara moja: bloki igawanywe kwa 1.414, ongeza ⅞. Kwa bloki ya 12 ni 9.36, pandisha hadi 9⅜. Mwandishi mwenye huruma huongeza nusu inchi nyingine na kuagiza kupunguza mwishoni, akikumbusha kuacha robo inchi nje ya ncha za bloki.

Hatua ya 10: Nyuma, pamba na ukingo

Usimwachie mshonaji hesabu hii kwa maneno "kitambaa cha nyuma cha kutosha". Kitambaa cha nyuma na pamba ya katikati vizidi sehemu ya juu kwa inchi 4 kila upande, kiasi ambacho mashine kubwa za kushonea tabaka huhitaji kwa kushikilia. Kwilti ya 48 kwa 60 inataka 56 kwa 68.

Upana wa 40 hautoshi, lazima kuunga. Mshono wa kuunga ukiwa wa wima, vipande viwili vya inchi 68 ni 136, karibu yadi 4. Ukiwa wa mlalo, vipande viwili vya inchi 56 ni 112, yadi 3¼, na kimo kinachopatikana ni zaidi ya 79. Tofauti ni robo tatu za yadi kwa kugeuza kitambaa tu. Patani iseme mshono uende upi. Kwa kitambaa chenye uelekeo, iseme wa wima.

Utepe wa ukingo: mzunguko ni 216, ongeza 10 za pembe na kumalizia, jumla 226. Kanda 6 za upana wa 2½ ni inchi 240. Kila muungo wa mshazari hula takriban inchi 2½, na miungo ni mitano: zinabaki 227½. Inatosha, japo kwa wembamba. Ni inchi 15 za kitambaa. Andika nusu yadi, ambayo inaacha nafasi ya ukanda wa saba.

Sentimita

Usigeuze inchi kuwa sentimita kipande kwa kipande. Inchi 3⅞ ni sentimita 9.84, na 7¼ ni 18.42. Hakuna rula yenye namba hizo, mtu atakadiria, na makadirio hayo yatajumlishwa bloki nzima. Kama unataka wasomaji wa sentimita, tengeneza toleo lao upya: bloki ya 30, ziada ya mshono ya milimita 7.5, na hesabu zote kuanzia hapo. Vinginevyo toa kiasi cha kitambaa kwa mita, ukubwa wa mwisho kwa sentimita, na uache ukataji kwenye inchi.

Hatua ya 11: Majaribio

Aliyeandika hawezi kujisahihisha. Macho yake husoma alichokusudia. Tafuta watu wanne au watano wa viwango tofauti, angalau mmoja mgeni kabisa wa aina hiyo ya kushona, na mmoja kwa kila ukubwa uliomo kwenye patani. Ukubwa ambao haujashonwa na mtu usiuzwe. Namba za ukubwa wa tatu ndizo hubeba makosa, kwa sababu zilinakiliwa kutoka wa kwanza.

Usiwasaidie kwa simu. Swali lolote watakalouliza ni sentensi inayokosekana kwenye patani. Waombe wakuletee vitu vitatu: urefu wa kila kitambaa kilichobaki, kipimo cha bloki yao ya kwanza kabla ya kupunguzwa, na mahali walipolazimika kusoma mara mbili. Kitambaa kilichobaki kikiwa chini ya inchi 2 kwa mtu yeyote, pandisha kiasi hadi kipimo kinachofuata. Kikizidi nusu yadi kwa wote, punguza. Bloki zote zikiwa ndogo kwa kiasi kilekile, kagua hesabu yako kabla ya kulaumu mishono yao.

Kila toleo liwe na namba na tarehe chini ya ukurasa. Kosa likigunduliwa baada ya patani kuuzwa, tangaza masahihisho kwa ukurasa, mstari, namba mbaya na namba sahihi, na uwatumie walionunua faili jipya. Anayeshona hukagua masahihisho kabla ya kukata, mradi ameambiwa kwenye ukurasa wa kwanza mahali pa kuyapata.